Njia Niliyoipima Wakati wa Kahawa

Ninyi vijana wa mipango miji mnaokuja kunisalimu hapa Levolosi, huwa mnaniuliza tulichoraje mji bila kompyuta. Naona mnapenda habari za kalamu za wino na karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, na mimi napenda kuzisimulia. Lakini kuchora kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kwenda mahali, ukakaa, ukatazama watu wanapita wapi na wamebeba nini. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kwa miaka mingi, na ndiyo niliyoiharibu mara moja kwa namna ambayo haikutengenezeka tena.

Mimi si msomi. Nilimaliza kidato cha nne, mwandiko wangu ukiwa mzuri, nikachukuliwa kuwa mchora ramani. Baba alikuwa ametoka Kondoa akaja Arusha kutengeneza magari, na kwetu, mtoto anayekwenda kazini na rula badala ya spana alihesabiwa kuwa amefika.

Chumba chetu cha kuchorea kilikuwa na meza ndefu zilizoinama na dirisha lililotazama Meru. Asubuhi mlima ukiwa wazi kazi ilikwenda polepole, maana kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mlima. Ukikosea mstari, ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, kisha ukapasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Mwenzetu mmoja alikwangua kwa hasira mpaka akatoboa karatasi pale ulipopita Mto Themi. Tukampongeza kwamba sasa mto umepata kina.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Elirehema, mkuu wa wachoraji, Mmeru wa juu ya Tengeru, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti la kijivu alilolivaa masika na kiangazi. Alikuwa mkaidi. Ukichelewa kazini alisimama mlangoni na kukusalimu yeye kwanza, mbele ya wote: shikamoo, bwana mkubwa. Ungemwitikia nini? Ulibaki umesimama na kofia mkononi ukitamani ardhi ikufunike.

Siku moja nilimpelekea mchoro wa njia ya miguu inayoshuka kutoka Sekei. Akauliza kama nimeipita mwenyewe. Nikasema nimeipita, kwenda na kurudi. Akauliza kama niliipita na mzigo. Nikasema nilikuwa na rula tu. Kesho yake alikuja na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, akanipeleka mpaka juu ya njia ile, akanitwika kichwani, akaniambia nishuke.

Mwanamume kubeba mkungu kichwani, kwa watu wa mlimani, si jambo la kupita kimya. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni walisimama pembeni wakinitazama. Mmoja akaniuliza, "Kaka, umeolewa ukoo gani, tuje kula pilau?" Mwingine akamwambia aniache, kwa sababu mkwe wangu huenda ni mkali. Nilifika chini shingo imekaza na koti limejaa utomvu wa ndizi usiotoka hadi leo.

Lakini nilijifunza mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake, kwa hiyo ukingo wa barabara unaomfikia goti ni ukuta kwake. Hapiti chini ya kamba wala tawi. Hatui mzigo chini hovyo, kwa sababu akitua, nani atamtwika tena? Anahitaji mahali palipoinuka kufikia kifuani, jiwe kubwa au kingo ya udongo, ili autue mzigo na aingize kichwa mwenyewe. Mahali kama hapo pakiwapo njiani, mwanamke anaweza kusafiri peke yake. Pasipokuwapo, lazima amsubiri mwenzake. Mzee Elirehema alizijua kingo kama hizo kwenye njia nyingi za mlimani na alikataa mchoro wowote uliozifuta.

Kosa langu jingine la mwanzoni lilikuwa la nguzo za vituo. Niliweka nguzo moja ya kusubiria magari mahali pazuri, pamenyooka, panaonekana kwa mbali. Hakuna aliyesimama pale. Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiuma, watu walisimama upande wa pili penye jua la asubuhi. Januari wakahamia chini ya ukuta wa duka penye kivuli. Nguzo yangu ilibaki kufungiwa mbuzi. Mzee Elirehema alinipeleka kuitazama kila aliponiona nimeanza kujisikia.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kinauzwa, hamwezi kujua ilikuwaje. Kabla ya hapo mji ulikuwa na mabasi machache ya umma. Ulingoja, ukasoma gazeti lote, ukampa mwenzako naye asome, basi halijaja. Mara serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Yakaja magari madogo tuliyoyaita vifodi, yenye mabenchi mawili yanayotazamana, na kila mwenye ndugu mwenye fedha akawa mwenye gari. Mitumba ikajaa, vibanda vikaota, mji ukaanza kuhema. Nilikuwa kijana bado, na nawaambia kweli, nilifurahi. Nilihisi tumetoka chumba chenye dirisha moja.

Ofisi yetu ikapewa kazi ya kuyapangia magari hayo njia na mahali pa kugeuzia. Wakati huohuo Mzee Elirehema akastaafu, akarudi kwenye kahawa yake, nami nikapewa meza yake. Katika kikao kimoja mtu fulani aliuliza waenda kwa miguu na baiskeli watapita wapi katika mipango hii mipya. Nilijibu mimi. Nilisema magari yakishafika kila kona, miguu itastaafu kama Mzee Elirehema. Watu walicheka sana. Nilirudi mezani nikijiona hodari.

Sasa niwaambie habari za Mama Nashipai.

Alikuwa Mwarusha, mwanamke wa rika langu, akikaa juu ya Kimandolu ambako migomba huficha nyumba. Kila asubuhi alishuka na dumu la maziwa kichwani na kikapu cha ndizi au mboga mkononi, akayauza maziwa nyumba hadi nyumba hapa Levolosi, kisha akaenda sokoni na kikapu. Kwetu alipiga hodi wakati mke wangu akiwasha jiko. Alipima kikombe, halafu akaongeza kidogo juu yake kwa binti yetu Ramla, akisema hicho si cha baba. Ramla alimngoja mlangoni kwa ajili ya tone hilo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua kila nyumba ina mgonjwa gani na nani ametoka kujifungua, na huko aliongeza zaidi.

Wateja wake walikuwa wa maziwa ya asubuhi. Maziwa ya kukamuliwa hayangoji. Yakichelewa na jua likapanda, yanaganda njiani, na mteja wa chai hataki mgando. Maisha yake yote, ng'ombe wake, ada za watoto wake, vilisimama juu ya kufika mapema.

Na alifika mapema kwa sababu ya njia ya mfereji. Hiyo ilikuwa njia ya miguu iliyoshuka kutoka mlimani kando ya mfereji wa maji ya mashamba, ikakatiza kiwanja kilichokuwa wazi juu kidogo ya barabara ya Moshi, ikaingia mjini kwa uchochoro bila kugusa barabara kuu. Kwenye kile kiwanja palikuwa na kingo ya mawe ya kutulia mizigo. Wanawake walitua pale, wakanawa matope miguuni kwa maji ya mfereji, wakatoa viatu kwenye vikapu, wakavaa, wakajitanda khanga safi, ndipo wakaingia mjini. Hakuna mwanamke wa mlimani aliyetaka kuonekana sokoni na miguu ya shambani. Kwa macho yangu ya wakati ule, pale palikuwa mahali pa uchafu na tope. Mimi niliyenawa miguu mara tano kwa siku kabla ya kuingia msikitini, sikuona kwamba na wao walikuwa na mlango wao wa kunawia.

Kile kiwanja ndicho wenye vifodi walichokitaka wapate mahali pa kugeuzia. Na mbele yake, mdomoni kabisa mwa ile njia, palitakiwa safu ya vibanda vya biashara. Mkuu wa idara aliniambia nikaipime njia ya mfereji nione kama bado ina watu.

Nilikwenda kama nilivyofundishwa. Sikuchora kwa kukisia. Nilikaa pale kwenye mawe asubuhi baada ya asubuhi, nimevaa sweta, na chupa ya chai kando. Walipita watoto wa shule. Alipita mzee mmoja na mbuzi wake, akanisalimu, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Alikuwapo mlevi aliyelala. Wanawake wenye mizigo walikuwa wachache mno, wa kuokota. Nikaandika kwamba njia haitumiki tena, watu wamehamia kwenye magari.

Ilikuwa ni wakati wa kuchuma kahawa.

Kahawa ikiiva haina subira. Inachumwa, inakobolewa siku hiyohiyo, inaoshwa, inaanikwa, na kazi hiyo ni ya nyumba nzima, na zaidi ni ya wanawake. Wiki hizo hakuna anayeshuka mjini na ndizi. Hata maziwa hubaki nyumbani, yanywewe na wachumaji. Mimi mtoto wa Levolosi sikulijua hilo. Au niseme vizuri zaidi: nililijua, ila sikulijua nikiwa kazini. Kwa sababu nyumbani kwangu wiki zilezile hatukuona maziwa. Mama Nashipai alikuwa ameaga kabla, akasema atarudi shamba likitulia. Mke wangu alilalamika kila asubuhi, na mimi nilikunywa chai ya rangi, nikaitia hiyohiyo katika chupa, nikaenda kukaa kwenye njia yake na kushangaa watu wameenda wapi.

Nilipata nafasi ya kujirekebisha. Mzee Elirehema alishuka siku moja kufuatilia mafao yake, akapita ofisini kutusalimu. Nilimwonyesha mchoro nikitegemea sifa. Alisimama juu yake muda mrefu, kisha akaniuliza nilipima lini. Nilipomwambia, alivua miwani.

"Rudi tena kahawa ikiisha," alisema. "Halafu ndipo uandike."

Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Mkuu wa idara alikuwa akiniulizia mchoro kila siku, wenye magari walikuwa wakimwulizia yeye, na kulikuwa na maneno kwamba nafasi ya mkuu wa wachoraji itatangazwa. Nilijiambia kwamba mzee ni mtu wa zamani, hapendi magari. Mchoro ukaenda.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara pale kiwanjani ili wananchi waelezwe. Kahawa ilikuwa imekwisha, na wanawake wa juu walikuwa wameanza kushuka tena. Walikuta kamba imezungushwa na vigingi vimepigwa. Walikuja mkutanoni na mizigo yao, wakaitua kwenye ile kingo ya mawe, wakasimama nyuma. Mbele walikaa wenye magari na walioandikisha vibanda. Mwenyekiti aliniita nieleze. Nikaeleza kwamba nimekaa pale mwenyewe kwa wiki kadhaa, na kwamba hapakuwa na watu.

Nyuma kukawa na manung'uniko kwa Kimaasai. Kisha Mama Nashipai akapita mbele. Hakupaza sauti. Alinitazama kama alivyonitazama kila asubuhi mlangoni kwangu.

"Baba Ramla," alisema, "wiki zile ulizokaa hapa, nyumbani kwako ulikuwa unakunywa chai gani?"

Watu hawakuelewa, wakacheka kwa kudhani ni utani. Mimi nilielewa palepale. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba nilipima wakati wa kahawa na nirudishwe nipime upya. Mkuu wa idara alikuwa amekaa pembeni yangu. Mkutano wote ulinisubiri.

"Mama," nikasema, "hapa tunazungumza njia, hatuzungumzi chai."

Kicheko kilichofuata kilikuwa chake yeye kukibeba. Hata waliokuwa nyuma pamoja naye, wengine walicheka. Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri niseme jingine. Nilipoinamisha macho kwenye ramani, alirudi kwenye kingo, akaingiza kichwa chini ya dumu lake, akaenda. Nilimwona akipita kwenye uchochoro kwa mara ya mwisho na mzigo.

Vibanda vilijengwa kwa tofali. Mfereji ukaingizwa kwenye bomba chini ya ardhi, mawe ya ile kingo yakatumika kwenye msingi. Vifodi vikapata pa kugeuzia, na wenye mji walifurahi. Nilipata nafasi ya mkuu wa wachoraji.

Sasa mtauliza, kwa nini wanawake wale hawakupanda vifodi? Nami nilijiuliza hivyo, kwa kiburi, mpaka siku niliposimama pale kituoni nikatazama. Konda alimwangalia mama mwenye dumu akasema gari halichukui ng'ombe. Mwenye mkungu aliambiwa mkungu ulipe nauli yake maana umekaa kama mtu mzima. Mama mmoja akamjibu konda kwamba kama mkungu ni mtu mzima, basi ausalimie. Walicheka wote wawili, lakini gari liliondoka na mama akabaki. Gari linataka abiria mwepesi anayepanda haraka na kushuka haraka. Mchoro wangu ulikuwa umemletea Mama Nashipai gari lisilomtaka na kumnyima njia iliyokuwa yake.

Ikawa lazima azunguke, ashuke mbali upande wa mashariki mpaka barabara ya Moshi, kisha aje mjini ukingoni mwa lami, pasipo na pa kukanyaga ila changarawe na mtaro, malori yakimpuliza vumbi na dumu kichwani. Alifika kwetu jua likiwa limepanda. Hakutaja njia hata siku moja. Alipiga hodi, akapima, akaongeza tone la Ramla. Mke wangu aliyachemsha maziwa yakakatika. Siku ya kwanza alinyamaza, siku nyingine alinyamaza, baadaye akaanza kuyakagua kwa kunusa mbele ya Mama Nashipai. Kisha akaja kijana mwenye baiskeli akileta maziwa kutoka upande mwingine, mapema, na mke wangu akaniuliza tufanyeje.

Ningeweza kumweleza kwa nini maziwa yanachelewa. Nilimwambia afanye anavyoona. Nyumba nyingine za mtaa zilifanya kama yetu. Asubuhi moja hodi haikupigwa, na Ramla alikaa mlangoni mpaka akachelewa shule.

Wakati huo bei ya kahawa nayo ikaanza kuyumba. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, mwaka mmoja bei juu, mwaka wa pili chini mpaka watu wa mlimani wakachoka. Wakang'oa kahawa. Walipanda ndizi, mboga, majani ya ng'ombe wa maziwa. Na ndizi na mboga na maziwa vyote vinataka kufikishwa mjini kila siku, vikiwa vibichi, na vyote vilishuka juu ya vichwa vya wanawake. Miguu niliyotangaza kuwa itastaafu ikaongezeka. Kutoka dirishani pale ofisini nisingeweza kuwaona, lakini kila nilipopita barabara ya Moshi niliwaona, msururu mrefu ukingoni mwa lami, wakigeuza nyuso kila lori likipita.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara, nikamweleza habari ya msimu. Nilikuwa nimechelewa. Alinisikiliza bila kukasirika, halafu akaniuliza kama nataka tubomoe vibanda vya watu waliolipia. Nikasema labda uchochoro mmoja tu katikati. Akasema vibanda vina wenyewe sasa. Nikarudi mezani. Mzee Elirehema alifariki bila kuniuliza tena kuhusu ule mchoro, na mimi nilipokwenda kumwona sikuwa na ujasiri wa kuutaja.

Hayo ndiyo ninayotaka mjue, ninyi mnaozungumza sasa juu ya miji isiyo na moshi, ya waenda kwa miguu na baiskeli. Nafurahi kuwasikia. Ila mnasema kama jambo jipya mnalotuletea. Mji huu ulikuwa wa watu wa miguu, na njia zao zilikuwepo, zenye maji na mahali pa kutua mzigo, zimechorwa na watu waliozipita kwa vizazi. Sisi ndio tulioziondoa, tukiwa na nia njema na haraka. Mkitumwa kupima mahali, ulizeni kwanza watu wa pale wanavuna nini mwezi huo, nani amelazwa, shule imefungwa, mfungo umeanza au bado. Na mnapokuta mahali pakavu pasipo watu, msiandike kitu mpaka mjue wamekwenda wapi.

Mwaka jana nilimwendea Mama Nashipai. Nilipanda bodaboda mpaka juu, nikauliza, nikaonyeshwa. Nilimkuta amekaa nje akichambua maharage, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Hakunitambua mpaka nilipomwambia mimi ni Baba Ramla. Akamuulizia Ramla. Nikamwambia ana watoto wake, yuko Dodoma. Akafurahi, akamwita mjukuu alete loshoro, yale mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando, na hakukubali nianze kusema lolote kabla sijala.

Nilipomaliza nikamwambia nimekuja kwa ajili ya njia ya mfereji. Nilimweleza yote, ya msimu wa kahawa, ya Mzee Elirehema kuniambia nirudi, ya cheo. Aliendelea kuchambua maharage.

"Njia ilinichosha miguu tu," alisema mwishoni. "Miguu inazoea. Ila ulisimama mbele ya watu ukasema hapakuwa na watu. Mimi nilikuwa nakuona kila siku mlangoni kwako, Baba Ramla. Ulikuwa umeshika kikombe changu."

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuthubutu kumwomba aseme.

Nilipoaga alitafuta fimbo yake. Nikamsihi asijisumbue, magoti yake yalikuwa mabovu, lakini mgeni kwao haachwi aondoke peke yake kama mwizi. Tukashuka pamoja, polepole, yeye mbele na mimi nyuma. Sikujua tunapita wapi mpaka nilipoona chini ya migomba mstari wa ardhi iliyodidimia, laini, imekanyagwa na watu wengi zamani, kisha ikaachwa ikaota majani. Alinionyesha mahali mfereji ulipokuwa. Alinitajia wanawake waliokuwa wakishuka naye, mmoja mmoja, na nani kati yao bado yuko hai.

Njia ilitufikisha nyuma ya vibanda. Ukuta wa tofali, urefu wote bila tundu, na upande wa pili tulisikia redio na watu wakicheka na gari likipiga honi. Mama Nashipai alisimama. Akaweka mkono wake ukutani, akaupumzisha pale kama mtu aliyefika mlangoni.

"Mimi nakusindikiza mpaka hapa," alisema. "Wewe zunguka."

Akageuka, akaanza kupanda. Nilimtazama mpaka migomba ikamfunika. Kisha nikafuata ukuta, nikatoka mbali kule kwenye barabara ya Moshi, nikatembea kuja mjini ukingoni mwa lami, juu ya changarawe, nikigeuza uso kila lori lilipopita.